Jinsi ya Kuomba Nakala za Awali za Vitabu Ukiwa Mhakiki Mpya: Mwongozo Kamili kwa Msomaji wa Dodoma

Wiki haipiti bila kupata ujumbe wa namna hii: "Dada, nimeomba vitabu tisa, vyote wamekataa. Shida ni mimi kuwa Tanzania?" Mmoja ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mwingine anafundisha Kongwa, mwingine ana duka la dawa Chang'ombe na husoma wateja wakipungua. Nikiwaambia wanionyeshe walichoandika kwenye ombi, nakutana na kitu kilekile. Ombi linaeleza jinsi mtu anavyopenda kusoma. Halisemi kitabu kitapata nini kikifika mikononi mwake.

Kuwa Tanzania kunachangia mara chache, na nitaeleza lini. Kinachowaangusha wengi ni kuomba kabla hawajaandika uchambuzi hata mmoja ambao mtu baki anaweza kuufungua na kuusoma. Mwongozo huu umepangwa kuanzia hapo.

Nakala ya awali, ambayo wachapishaji wa nje huiita ARC (advance reader copy), ni kitabu kinachotolewa kwa wahakiki, wauza vitabu na wakutubi kabla hakijaingia sokoni, ili siku kinapotoka tayari wawepo watu wanaokizungumzia. Haitolewi kama zawadi. Anayekupa anasubiri kazi kutoka kwako.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaomba chochote

- Chambuzi tatu ulizokwisha kuziandika na kuziweka mahali zinapoonekana.
- Barua pepe yenye jina lako. Anwani kama "mtotowamjini2003" ibaki kwa marafiki.
- Akaunti ya Goodreads, tovuti ambako wasomaji huweka chambuzi za vitabu. Ni bure, na wachapishaji wengi wa nje huanzia huko kukutafuta.
- Simu janja yenye nafasi ya kutosha. Kishikwambi ni bora zaidi kwa macho. Walimu mliopewa vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 mna kioo kizuri cha kusomea.
- Daftari la kawaida lenye safu tano: jina la kitabu, siku niliyoomba, siku niliyopewa, siku kitakayotoka, siku niliyowasilisha uchambuzi.
- Muda. Kama huwezi kumaliza kitabu kimoja ndani ya wiki tatu kwa maisha yako ya sasa, usiombe viwili.

Pesa haimo kwenye orodha hii. Yeyote anayekutoza "ada ya usajili wa mhakiki" au anayetaka namba yako ya kitambulisho cha NIDA ili akutumie riwaya ni tapeli. Nakala ya awali hutolewa bure, na hakuna kibali kinachonunuliwa.

## Hatua ya 1: Andika chambuzi tatu za vitabu ambavyo tayari unavyo

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayobeba nyingine zote. Usisubiri kitabu kipya. Chukua kilichopo kabatini, azima maktaba ya mkoa, au nunua cha mtumba kwa wale wanaopanga vitabu chini pembeni ya barabara. Mchapishaji hajali kama kitabu ulichochambua kilitoka mwaka 1974. Anataka kuona unavyosoma.

Kila uchambuzi uwe na maneno kati ya 250 na 400. Chini ya hapo huonekana haraka. Juu ya hapo, kwa mtu anayeanza, mara nyingi ni kusimulia hadithi yote upya.

Nitakuonyesha tofauti. Hiki ndicho ninachotumiwa mara nyingi:

"Kitabu ni kizuri sana, kina mafunzo mengi kwa jamii, nashauri kila mtu akisome."

Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote, hata cha mapishi. Mhariri akiisoma hajui kama ulifungua ukurasa wa kumi. Sasa soma hii, ambayo msomaji mmoja aliiandika baada ya mimi kumrudishia mara mbili:

"Mwandishi anamtoa kijana Chamwino hadi Dar ndani ya kurasa thelathini, halafu anamfungia kwenye chumba cha kupanga kwa kurasa mia nzima. Hapo nilichoka. Lakini kuna ukurasa ambao mama anahesabu madebe ya mtama usiku, moja moja, kabla hajaamua kama watauza ng'ombe. Huo ukurasa nimeurudia mara tatu."

Huyu amesoma. Anajua wapi kitabu kinalegea, wapi kinashika, na anaweza kuonyesha kwa kidole. Mhariri akikutana na aya kama hiyo anapata picha ya kitakachoandikwa kuhusu kitabu chake.

Kati ya chambuzi zako tatu, angalau moja iwe na lawama ya haki. Wasomaji wengi wa kwetu wanaona aibu kusema kitabu kimewachosha, hasa mwandishi akiwa mtu mzima anayeheshimika. Heshima inabaki palepale ukieleza sababu. Mtu anayesifu kila kitabu hana uzito, na mchapishaji analijua hilo kuliko wewe.

Ziweke wapi? Goodreads kwanza. Ukipenda, zirudie kwenye ukurasa wako wa Facebook au Instagramu, mradi ukurasa uwe wazi kwa watu wote. Uchambuzi uliokwama ndani ya kundi la WhatsApp hauhesabiki, kwa sababu hauna kiungo cha kumtumia mtu.

Umefanikiwa ikiwa: umempa simu yako mtu asiyekisoma kitabu, amesoma uchambuzi wako, na ameweza kukuambia kitabu kinahusu nini na wewe ulikionaje. Asipoweza, andika upya kabla hujaenda mbele.

## Hatua ya 2: Chagua mlango wa kubisha

Milango ni mingi, lakini kwa anayeanza akiwa Dodoma ninaona mitatu inayofaa.

Wachapishaji na waandishi wa nyumbani. Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, ndiyo wengi tunaifahamu. Ipo E&D Vision, ipo TATAKI pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa vitabu vya lugha na fasihi, na wapo waandishi chungu nzima wanaojichapishia kwa fedha zao. Kwenye mlango huu mara nyingi hakuna fomu wala mfumo. Kuna mtu, na unamwandikia mtu. Kwa uchambuzi wa vitabu vya Kiswahili ningekushauri uanzie hapa, kwa sababu wahakiki ni wachache na sauti yako itasikika mapema.

NetGalley. Ni tovuti iliyoanza mwaka 2008 ambako wachapishaji huweka nakala za kidijitali na wasomaji huziomba. Karibu vyote ni vya lugha za kigeni, hasa Kiingereza. Kujiunga ni bure na Tanzania ipo kwenye orodha ya nchi.

BookSirens na Booksprout. Nazo ni tovuti za nakala za awali, na huko kuna waandishi wengi wanaojichapishia wa nje. Vitabu vyake havilingani kwa ubora, lakini wanapokea wahakiki wachanga kwa urahisi zaidi.

LibraryThing, tovuti nyingine ya wasomaji, nayo hutoa vitabu kila mwezi kupitia mpango wake wa wahakiki wa mapema, ila kila kitabu kina orodha ya nchi zinazoruhusiwa. Angalia orodha kabla hujabonyeza.

Chagua milango miwili tu kwa miezi mitatu ya kwanza. Ukifungua akaunti sita kwa mkupuo utasahau nywila za tatu na kupoteza ahadi za tatu.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kutaja milango yako miwili na kueleza kwa nini vitabu unavyopenda vinapatikana huko.

## Hatua ya 3: Jaza wasifu kama mtu anayeomba kazi

Kwenye NetGalley mchapishaji hakuoni wewe. Anaona wasifu wako, idadi ya vitabu ulivyopewa na vingapi umevichambua. Wasifu mtupu, au wenye mstari mmoja wa "I love books", unakataliwa ndani ya sekunde chache.

Wasifu uwe na mambo manne: unasoma aina gani ya vitabu, unaandika wapi na mara ngapi, viungo vya chambuzi zako, na nchi uliyopo. Kwa majukwaa ya nje uandike kwa Kiingereza, lakini uandae kwanza kwa Kiswahili ili uwe na uhakika wa unachosema. Mfano:

"Mimi ni mwalimu wa sekondari ninayeishi Dodoma, Tanzania. Nasoma riwaya za kihistoria na vitabu kuhusu kilimo na chakula. Tangu Januari naandika uchambuzi mmoja kila wiki mbili, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwenye Goodreads na ukurasa wangu wa Facebook. Viungo vya chambuzi tatu za karibuni ni hivi."

Usijitukuze. Kama una wafuasi 140, andika 140. Namba ndogo ya kweli yenye chambuzi nzuri inapita. Namba kubwa ya uongo inagundulika kwa mbofyo mmoja.

Dodoma usiifiche. Watu hudhani wakijiita "msomaji wa Afrika Mashariki" watapendeza zaidi. Mhariri wa London au Dar es Salaam anayetoa kitabu kuhusu ukame, mizabibu au miji inayokua kwa kasi atavutwa na msomaji anayeishi katikati ya hayo yote.

Onyo: usidanganye nchi. Najua wanaoweka Marekani ili waone vitabu vingi. Haki za kuuza kitabu hugawanywa kwa maeneo ya dunia: kampuni moja inaweza kuwa na haki za Amerika Kaskazini, na nyingine haki za Uingereza na Jumuiya ya Madola, ambako sisi kwa kawaida tumo. Mchapishaji wa Marekani anapokataa ombi lako, huenda hana ruhusa ya kutoa kitabu hicho huku kwetu. Hapa ndipo kuwa Tanzania kunapochangia. Dawa yake ni kutafuta toleo la mchapishaji wa Uingereza la kitabu hichohicho, na NetGalley wana tovuti ya Uingereza kwa kazi hiyo.

Umefanikiwa ikiwa: wasifu unasomeka kwa nusu dakika na kila kiungo kinafunguka. Vijaribu viungo kwenye simu ya mtu mwingine, kwa sababu kwenye yako huwa vinafunguka hata kama ukurasa umefungwa kwa wengine.

## Hatua ya 4: Chagua kitabu kimoja unachoweza kukitendea haki

Nitakiri lililonipata mwaka wangu wa kwanza, kwa sababu naliona likijirudia kwa wengine. Usiku mmoja, bando likiwa bado kubwa, nilibonyeza kila kitabu chenye kitufe cha Read Now, yaani vile vinavyotolewa bila kusubiri idhini. Nilipata kumi na moja. Nikasoma viwili. Miezi iliyofuata nilikataliwa kila nilichokitaka kwa dhati, na nilihuzunika sana, kwa sababu kati ya hivyo kulikuwa na kitabu nilichokuwa nimekisubiri mwaka mzima.

Hesabu ndiyo iliyonifunga. NetGalley huonyesha asilimia: vitabu ulivyochambua ukigawanya kwa ulivyopewa. Wao wenyewe wanashauri ufikie asilimia 80. Mimi nilikuwa na viwili kati ya kumi na kimoja, asilimia 18. Vile vya Read Now vinahesabiwa sawa na vingine. Ulivyokataliwa havihesabiwi, kwa hiyo kukataliwa hakukuumizi. Kinachoumiza ni kupewa na kunyamaza.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kitabu kimoja cha Read Now, kifupi, cha aina unayoipenda. Kisome, kichambue, wasilisha. Chukua cha pili. Ukifika vitano vyote umevichambua, una asilimia 100, na hapo ndipo uombe kile cha mchapishaji mkubwa. Ukiteleza kimoja kati ya vitano bado uko kwenye 80.

Angalia na tarehe. Wachapishaji wa nje hutoa nakala za awali miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka. Kitabu kinachotoka keshokutwa kina wahakiki tayari. Kinachotoka baada ya miezi miwili au mitatu kina nafasi. Angalia pia tarehe ya kuondolewa kwenye tovuti, kwa maana ikipita kabla hujapakua, faili hulipati tena.

Kwa vitabu vya nyumbani huwa hakuna tarehe ya kutegemea. Fuatilia kurasa za wachapishaji na waandishi. Picha ya jalada ikianza kusambazwa, ndiyo wakati wa kuandika.

Umefanikiwa ikiwa: daftari lako lina kitabu kimoja kilichoombwa na hakuna kilicholala bila kuchambuliwa.

## Hatua ya 5: Andika ombi

Kwenye majukwaa, wasifu ndio ombi. Kwa mchapishaji wa nyumbani unaandika barua pepe, na hapa ndipo watu wenye uwezo kabisa huharibu. Nimeoneshwa ombi lililosema hivi, nukta kwa nukta:

"Habari, mimi ni mpenzi wa vitabu, naomba mnitumie kitabu chochote mlichonacho nikifanyie uchambuzi. Asante."

"Kitabu chochote" ndilo neno linalokuangusha. Mtu anayetaka chochote hajui mchapishaji anachapisha nini. Linganisha na hii:

"Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naitwa (jina lako), naishi Nkuhungu, Dodoma. Nimeona jalada la riwaya mnayotarajia kuitoa mwezi ujao kuhusu familia ya wafugaji. Naandika uchambuzi wa vitabu kila wiki mbili na wasomaji wangu wengi ni walimu na wanafunzi wa mkoa huu, ambao nadhani habari hii inawagusa.

Naomba nakala ya awali ya kidijitali, PDF au EPUB. Nikiipata kabla ya tarehe 10, nitakuwa nimeandika uchambuzi wa maneno kama 400 kufikia wiki ya uzinduzi, na nitauweka Goodreads na Facebook. Faili nitaitumia mimi tu.

Chambuzi zangu tatu za karibuni ziko kwenye viungo hivi hapa chini. Mojawapo ni ya kitabu chenu cha mwaka jana.

Nashukuru kwa muda wako."

Angalia kilichofanyika. Kuna kitabu kimoja kilichotajwa, sababu ya kukitaka, wasomaji watakaofikiwa, tarehe, mahali uchambuzi utakapowekwa, na ushahidi. Sentensi ya faili kutumiwa na mtu mmoja ni muhimu kupita unavyofikiri. Wachapishaji wetu wanaogopa PDF kusambaa, na wana sababu.

Omba ya kidijitali. Nakala iliyochapwa hugharimu fedha, na mwandishi anayejichapishia huwa amelipia kila kitabu mwenyewe. Ukihitaji ya karatasi kwa sababu ya macho, sema wazi kwamba gharama ya kifurushi utaibeba wewe. Kitabu kitapanda basi na utakipokea Stendi ya Nanenane.

Ukimwandikia mwandishi moja kwa moja kwenye WhatsApp, adabu ya kwetu inatangulia. Kama ni mtu mzima, anza na "Shikamoo mwalimu" au "Shikamoo mzee", jitambulishe, sema namba yake umeipata kwa nani, kisha omba ruhusa ya kumweleza jambo lako. Subiri aitikie. Usimrushie ombi lote kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Na usipige simu usiku.

Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, kwa mistari miwili. Akinyamaza tena, achana nalo na uandike kwenye daftari. Kitabu kinachofuata unaweza kumwomba bila kinyongo. Wengi hunyamaza kwa sababu ofisi nzima ina watu wachache.

Onyo: usiahidi sifa. "Nitakiandika vizuri" humfanya mhariri makini akuone kama mpiga debe. Ahidi tarehe na urefu. Hivyo viko ndani ya uwezo wako.

Umefanikiwa ikiwa: ukifuta jina la kitabu kwenye barua yako, barua haisomeki. Kama inasomeka vizuri bila hilo jina, umeandika ombi la kila mtu.

## Hatua ya 6: Pokea faili na ulitunze

NetGalley wana programu yao ya kusomea kwenye simu. Pakua kitabu ukiwa na intaneti nzuri. Baada ya hapo unasoma hata bando likiisha. Kama una Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, ni lazima kwanza uongeze anwani ya NetGalley kwenye orodha ya barua pepe zilizoruhusiwa ndani ya akaunti yako ya Amazon, la sivyo kitabu kinatumwa na hakifiki. Wengi hukwama hapo na kudhani wamenyimwa. Vipo pia vitabu ambavyo mchapishaji haruhusu kwenda Kindle kabisa.

Kwa kompyuta unaweza kutumia programu ya bure ya Adobe Digital Editions.

Wachapishaji wa nyumbani mara nyingi watakupa PDF. Kwenye simu herufi zinakuwa ndogo mno. Lalisha simu kimapana ili ukurasa upanuke.

Sasa sikiliza kwa makini. Usilipeleke faili steshenari kuchapisha bila ruhusa ya aliyekupa. Nimesimama kwenye steshenari moja hapa mjini, nikaona kwenye kioo cha kompyuta yao mafaili ya wateja yamepangwa safu kwa safu: barua za maombi ya kazi, vyeti vya kuzaliwa, na katikati yake riwaya nzima ya mtu. Yeyote akija na flashi anaondoka nayo. Usiliweke kwenye kundi, usimpe hata dada yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, na jina lako huweza kuwa limepachikwa ndani ya faili ulilopewa.

Umefanikiwa ikiwa: kitabu kinafunguka simu ikiwa bila intaneti, na hakipo kwenye kifaa cha mtu mwingine yeyote.

## Hatua ya 7: Soma, andika, weka wazi

Nakala ya awali huwa haijapita prufu ya mwisho, yaani ukaguzi wa mwisho wa makosa. Usilaumu makosa ya herufi wala ukurasa uliokaa kombo, kwa kuwa huenda yamerekebishwa. Ukitaka kunukuu sentensi, muulize mchapishaji kama imebaki vilevile, au subiri toleo la mwisho ulinganishe.

Andika mawazo yako kadiri unavyosoma, na namba za kurasa. Ukisubiri umalize ndipo ukumbuke, utarudi kwenye "kitabu ni kizuri sana".

Weka sentensi hii mwanzoni au mwishoni mwa kila uchambuzi: "Nimepewa nakala ya awali ya kitabu hiki bure na mchapishaji. Maoni ni yangu." Nchini Marekani kutamka jambo hilo ni takwa la kanuni, na hata isingekuwa kanuni, msomaji wako anastahili kujua.

Heshimu tarehe. Mchapishaji akisema uchambuzi usitoke kabla ya siku fulani, usitoke.

Kuhusu mahali pa kuuweka: Goodreads inapokea uchambuzi kabla kitabu hakijatoka. Amazon kwa kawaida husubiri siku ya kutoka. Halafu kuna jambo linalowashtua wengi wa huku: Amazon ya Marekani hairuhusu kuandika uchambuzi mpaka akaunti yako iwe imenunua bidhaa za angalau dola 50 kwa kadi ndani ya miezi 12 iliyopita. Kama huna manunuzi hayo, usiahidi Amazon kwenye ombi lako. Ahidi Goodreads na ukurasa wako, na inatosha.

Kitabu kikikushinda? Mwandikie aliyekupa, kwa faragha, umweleze umefika wapi na kwa nini umeishia hapo. Kwenye NetGalley andika maoni mafupi ya ukweli kuhusu sehemu uliyosoma na useme ulipoishia. Kunyamaza ndiko kunakofunga milango.

Umefanikiwa ikiwa: uchambuzi uko hewani siku uliyoahidi au kabla yake, pasipo kuvunja tarehe ya mchapishaji, na sentensi ya nakala ya bure imo.

## Hatua ya 8: Wasilisha, kisha omba cha pili

Kuandika Goodreads peke yake hakumfikii mchapishaji. Ingia NetGalley, bandika uchambuzi kwenye ukurasa wa kitabu hicho, ongeza viungo vya ulikouweka, tuma. Mpaka ufanye hivyo asilimia yako haisogei. Nimekutana na watu waliochambua vitabu sita kwa uaminifu na wanasomeka sifuri kwa sababu hawakurudi kubandika.

Na kama umelimbikiza kama nilivyolimbikiza mimi, njia ya kutoka ipo. NetGalley hupokea maoni hata ya vitabu vilivyokwisha kuondolewa. Nilirudi kwenye vile tisa, nikavisoma kimoja baada ya kingine kila Jumapili jioni, na vingine nikavinunua maana mafaili yalikuwa yamekwisha muda. Nilipofika cha tisa kati ya kumi na kimoja, asilimia 82, ombi nililotuma wiki ileile lilikubaliwa.

Kwa mchapishaji wa nyumbani, tuma barua pepe yenye kiungo na mistari mitatu. Kama wasomaji wameuliza kitabu kinapatikana wapi Dodoma, mwambie. Swali hilo ni biashara kwake, na ni taarifa ambayo akiwa Dar haipati kwa urahisi.

Baada ya hapo ombi lako la pili halihitaji maelezo marefu. Mwanafunzi wa UDOM niliyemtaja mwanzoni alianza upya mwezi wa tatu, na ombi lake la pili kwa mchapishaji yuleyule lilikuwa hivi:

"Ndugu Mhariri, habari za kazi. Uchambuzi niliokutumia umesomwa, na walimu wawili wa Mpwapwa wameniuliza wapi watapata nakala. Nimeona mnatoa diwani mpya Agosti. Naiomba, PDF inatosha. Uchambuzi utakuwa tayari wiki ya kwanza ya mwezi huo."

Faili lilifika kabla ya saa saba mchana siku hiyohiyo, na chini yake mhariri aliandika: "Waambie hao walimu waniandikie, nitawatumia kwa basi."